Kinywaji, kipandauso, macho na masikio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya hurudi kila mwaka, na yana misimu yake. Mabibo yakianza kudondoka watu huuliza kuhusu uraka (pombe ya mabibo) na gongo (pombe kali ya kukeneka), Ramadhani ikikaribia huuliza kuhusu kahawa, na jua la Novemba likichachamaa huuliza kuhusu maji. Yamepangwa kutoka ya kawaida kwenda ya nadra. Ukiona jibu limeishia njiani, fuata namba iliyotajwa.

Kama hapo ulipo kuna mtu aliyekunywa gongo jana au leo na sasa haoni sawasawa, ruka yote haya, soma swali la 12 sasa hivi.

## Ya msingi

1. Kipandauso ni nini, na kina tofauti gani na kuumwa kichwa kwa kawaida?

Ni ugonjwa wa mfumo wa neva unaokuja kwa vipindi. Kichwa hugonga, mara nyingi upande mmoja, na ukitembea au kuinama kinazidi. Unapata kichefuchefu au unatapika. Mwanga unakera, kelele inakera, hata harufu ya kitunguu jikoni inakera. Kwa mtu mzima, kipindi kisichotibiwa hudumu kati ya saa 4 na saa 72, kisha unakuwa mzima kabisa mpaka kingine.

Kuumwa kichwa kwa kawaida hukaza pande zote mbili, na mtu anaendelea na kazi zake huku akinung'unika. Mwenye kipandauso hanung'uniki, anatafuta chumba chenye giza. Wanawake hukipata karibu mara tatu zaidi ya wanaume, na hutembea kwenye ukoo. Ukichimba kidogo utasikia kulikuwa na shangazi au bibi aliyekuwa akijifungia chumbani, khanga imekazwa kichwani, watoto wakifukuzwa uani.

2. Mbona ugonjwa wa kichwa unagusa macho na masikio?

Kwa sababu chanzo chake kiko ndani ya ubongo, na ubongo ndio unaoona na kusikia. Kwa baadhi ya watu, kabla ya maumivu, wimbi la badiliko la umeme hupita polepole kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea picha, ndipo mtu huona vimulimuli (swali la 17). Neva inayohudumia paji la uso na jicho ndiyo hiyohiyo inayobeba maumivu ya kipandauso, ndiyo maana wengi husema "jicho linataka kutoka" wakati jicho lenyewe ni zima. Na sehemu zinazoshughulikia mizani ya mwili zikiguswa, unapata kizunguzungu (swali la 23).

3. Kwa hiyo kinywaji ndicho kinachosababisha kipandauso?

Hapana. Ugonjwa unao tayari, kinywaji ni kichocheo tu. Fikiria baiskeli iliyopakiwa gunia la korosho: njia ikiwa nzuri inafika, lakini ongeza mchanga, ongeza upepo, itaanguka kwa kitu kidogo. Usingizi mfupi, njaa, jua, siku za hedhi na bia mbili vikikutana siku moja, lawama zote hupewa bia.

Ndiyo maana katika majibu haya utaona tunarudia kuuliza saa. Watu huja na jina la kinywaji: "nilikunywa kile". Jina peke yake halisemi mengi. Kichwa kilianza saa ngapi baada ya kunywa, au saa ngapi baada ya *kuacha* kunywa? Hapo ndipo tunapoanza kupata jibu.

4. Nitajuaje kama ni malaria?

Hutajua kwa kukisia. Kichwa chenye homa, baridi au viungo kuuma katika mikoa yetu hupimwa malaria kwanza, iwe ulikunywa au hukunywa. Kipimo cha haraka cha tone la damu kipo hadi kwenye zahanati. Kipandauso hakileti homa. Kichwa chenye homa na shingo iliyokakamaa ni dharura, uende hospitali siku hiyohiyo.

## Maji na jua

5. Kunywa maji kidogo kunaweza kuniletea kichwa?

Ndiyo, na ndicho kichocheo tunachokidharau zaidi. Aliyezaliwa Newala au Tandahimba anaelewa bila maelezo marefu: juu ya uwanda wa Makonde maji yamekuwa taabu kwa vizazi, watu wakishuka bondeni na kupanda tena na ndoo. Mtu aliyekulia hapo amejifunza kunywa kwa kiasi, na tabia hiyo haiishi bomba likifika.

Msimu wa korosho mambo huwa mabaya zaidi. Unaingia shambani alfajiri na chai ya rangi kikombe kimoja, unaokota ukiwa umeinama, jua likipanda unasema utakunywa ukifika nyumbani, na nyumbani ni saa nane mchana. Kichwa cha aina hii huanza jua likiwa kali, huongezeka ukiinama au ukisimama ghafla, na kwa asiye na kipandauso hutulia ndani ya saa chache baada ya kunywa na kukaa kivulini. Mwenye kipandauso hana bahati hiyo. Kiu ikishakiwasha, maji peke yake hayakizimi.

Tazama mkojo wako. Ukiwa wa njano iliyokolea na kidogo, umechelewa kunywa. Ukiwa na rangi ya majani makavu yaliyofifia, uko sawa.

6. Sasa ninywe lita ngapi?

Kwa mtu mzima, lita mbili hadi mbili na nusu kwa siku ni makadirio yanayofaa, na zaidi kwa anayefanya kazi juani. Gawanya. Kunywa lita mbili kwa mkupuo jioni ili "kufidia" hakusaidii. Maji mengi mno kwa muda mfupi hupunguza chumvi kwenye damu, na dalili yake mojawapo ni kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Wenye figo au moyo usiofanya kazi vizuri wafuate kiasi walichopewa na daktari wao.

Ukiwa umetapika au umeharisha, maji matupu hayatoshi. Tumia ORS ya pakiti. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Dafu ni zuri kwa mtu mzima mwenye afya, ila lina potasiamu nyingi, kwa hiyo mgonjwa wa figo asilitegemee.

7. Nikinywa maji ya barafu paji la uso linachoma. Ni kipandauso?

Hiyo ni baridi kugusa kaakaa ghafla. Huisha ndani ya dakika chache, na huwapata zaidi wenye kipandauso. Kunywa polepole, basi.

## Kahawa, chai na enaji

8. Kahawa ni dawa ya kichwa au ndiyo inayokileta?

Yote mawili, kutegemea saa. Kafeini hubana mishipa ya damu na huongeza nguvu ya dawa za maumivu. Ndiyo maana Panadol Extra ina kafeini miligramu 65 kwa kila kidonge pamoja na parasetamoli 500. Anayekunywa kahawa mara mojamoja akiipata mwanzoni mwa kipandauso inaweza kumsaidia kweli.

Shida ni kwa mwenye mazoea. Ubongo uliozoea kafeini kila siku ukiikosa, kichwa huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufikia kilele siku ya kwanza au ya pili, na chaweza kudumu hadi siku tisa. Kikombe kimoja kinakiondoa, na hapo ndipo mtu huapa kwamba kahawa ni dawa yake. Kumbe anatibu pengo la kahawa yenyewe. Wazee wa barazani wanaokunywa vile vikombe vidogo vya kahawa chungu na kashata hawahesabu, kwa kuwa kikombe ni kidogo. Lakini muuza kahawa akipita na birika lake mara tatu kwa jioni, na kila akipita mnanyoosha mikono, si kidogo tena.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, miligramu 400 za kafeini kwa siku huchukuliwa kuwa ukomo salama. Mwenye kipandauso ajiwekee nusu ya hapo, na muhimu kuliko kiasi, anywe saa zilezile kila siku, Jumapili zikiwemo.

9. Kila Ramadhani, siku za mwanzo kichwa kinanipasuka kuanzia alasiri. Ni njaa?

Njaa ni sehemu tu. Hesabu: kikombe cha mwisho ulikunywa saa tatu usiku, daku ukala kwa usingizi bila chai, ikifika saa kumi alasiri zimepita saa 19 bila kafeini. Ongeza kiu, ongeza usingizi uliokatwa na tarawehe na daku. Ndiyo maana siku za kwanza ndizo ngumu, na wengi kufikia wiki ya pili wamepoa.

Yanayosaidia: anza kupunguza kahawa wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu. Usiache daku, na katika daku kunywa kikombe kimoja cha chai au kahawa pamoja na maji. Kati ya futari na daku sambaza maji, usiyanywe yote kwa pamoja na muhogo wa nazi kisha ukalala. Chumvi nyingi kwenye futari itakuongezea kiu ya kesho.

Kwa mwenye kipandauso kikali kinachomtapisha, dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa. Zungumza na daktari wako na sheikh wako kabla ya mwezi kuanza. Kuna dawa za kinga zinazoweza kumezwa usiku peke yake, lakini huanzishwa mapema.

10. Vijana wa bodaboda wanakunywa enaji badala ya chai. Ina madhara kwa kichwa?

Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina kafeini takriban miligramu 80, zaidi ya kikombe cha chai, na sukari nyingi juu yake. Ila tatizo kubwa ni kwamba hunywewa usiku ili kufukuza usingizi, na usingizi uliofukuzwa hurudi asubuhi kama kichwa. Kuichanganya na konyagi ni vibaya zaidi: unajiona mzima huku umelewa, unaendelea kunywa.

## Pombe

11. Nitatofautishaje hangova na kipandauso?

Kwa saa. Kichwa kinachoanza ndani ya saa tatu baada ya kunywa, tena kwa kiasi kidogo tu, kwa mtu mwenye historia ya kipandauso, mara nyingi ni kipandauso kilichochokozwa. Mning'inio (hangova) wa kawaida huja saa 5 hadi 12 baadaye, pombe ikiwa imeshuka mwilini, na huambatana na kinywa kikavu, uchovu na tumbo kuchafuka. Pombe hukandamiza homoni inayoiambia figo ihifadhi maji, ndiyo maana unakwenda haja ndogo nyingi kuliko ulivyokunywa.

Jambo moja likae kichwani kabla ya swali linalofuata: mning'inio hupungua kadiri saa zinavyopita. Kinachoongezeka si mning'inio.

12. Mume wangu alikunywa gongo jana jioni. Leo mchana kichwa kinamuuma sana, anatapika, anasema anaona ukungu mweupe. Nimwache alale?

Usimwache alale. Mpeleke hospitali sasa. Hii ndiyo picha ya sumu ya methanoli, na kuona ukungu, weupe au giza baada ya kunywa gongo ni dharura hata kama anaongea na kutembea.

Methanoli ni pombe ya aina nyingine, haina rangi, na hulewesha kama kawaida. Yenyewe haiui haraka. Ini huigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoshambulia neva ya jicho na kuharibu damu. Ugeuzaji huo huchukua muda, kwa hiyo kuna kipindi cha udanganyifu cha saa 12 hadi 24 ambapo mtu anaonekana na hangova tu. Akiwa amekunywa na pombe ya kawaida pamoja, kipindi hicho hurefuka zaidi, kwa sababu ini hushughulikia pombe ya kawaida kwanza. Baadaye hufuata kichwa, tumbo kuuma, kutapika, kupumua haraka na kwa kina, macho kufifia, kisha degedege au kupoteza fahamu. Mililita 10 za methanoli tupu zinaweza kupofusha, na mililita 30 zinaweza kuua.

Fanya haya: usimtapishe, usimpe maziwa, usimpe mkaa wa kusaga wala "kumzimua" kwa pombe nyingine. Nenda kituo cha afya kilicho karibu wakupe rufaa, au moja kwa moja hospitali kubwa kama Ligula, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao, kutegemea uko wapi. Useme wazi: amekunywa gongo, saa fulani, kiasi fulani, na lini macho yalianza. Baki ya kinywaji kama ipo, ibebe. Hospitali wana njia ya kuzuia ini lisiendelee kutengeneza asidi, kurekebisha damu, na wakilazimika, kuisafisha kwa mashine. Kweli, pombe safi iliyopimwa ni mojawapo ya tiba zinazotumika pale dawa maalumu inapokosekana, lakini hutolewa kwa vipimo chini ya uangalizi. Usijaribu nyumbani.

Watafute wote waliokunywa kwenye chombo kimoja, hata walio wazima. Na usifiche kwa kuogopa kwamba gongo ni haramu kisheria. Muuguzi anataka kujua kilichonywewa ili atibu, na saa moja ya kusema "alikula chakula kibaya" inaweza kugharimu macho.

13. Kuna namna ya kutambua gongo yenye sumu? Watu wanaiwasha moto waone rangi.

Hakuna namna ya nyumbani. Harufu haisemi, ladha haisemi. Moto nao ni uongo: pombe ya kawaida na methanoli zote zinaweza kuwaka bluu, na zikiwa zimechanganyika hutajua kitu. Kiasi kidogo cha methanoli hutokea chenyewe tunda linapochachuka, lakini vifo vya watu wengi kwa mpigo mara nyingi hutokana na spiriti ya viwandani iliyochanganywa humo ili iwe kali. "Huyu mama namfahamu, yake ni safi" si kipimo. Naye huenda amenunua jumla kwa mtu asiyemfahamu.

14. Kati ya tembo, uraka, bia na mvinyo, ipi inachokoza zaidi?

Tembo la asubuhi likitoka mnazini ni tamu na halina makali. Linaendelea kuchachuka kibuyuni, na la jioni ni kali zaidi. Kwa hiyo "nilikunywa kiasi kilekile" si kweli kama saa zilikuwa tofauti. Pia kuna hili: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji hayo yakiwa ya kisima kichafu, kesho utaharisha, utakauka, na kwa kichwa hicho utalilaumu tembo.

Uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka. Ukipita shambani Oktoba utaona mabibo mekundu na ya njano yakikamuliwa, nyuki wamezingira debe, na watu wananywa palepale, juani, bila kula. Uraka haujakenekwa, kwa hiyo hauna hatari ileile ya gongo, lakini jua, tumbo tupu na kunywa tangu asubuhi ni vichocheo vitatu kwa pamoja.

Bia kwa kawaida ni kama asilimia 5, konyagi ni 35. Ukimimina konyagi kwa kukadiria na jicho, hesabu yako imekwisha. Mvinyo mwekundu, wa Dodoma au wa ng'ambo, unalalamikiwa sana na wenye kipandauso, na vinywaji vyenye rangi nzito huleta mning'inio mbaya kuliko vyeupe. Lakini kinachokuchokoza wewe utakijua kwa daftari (swali la 27), si kwa orodha ya mtu mwingine.

15. Kuzimua asubuhi kunasaidia?

Kunaahirisha. Unarudisha pombe mwilini, dalili zinapoa, deni linaongezeka. Asiyeweza kuanza siku bila kuzimua, mikono ikitetemeka, ameshavuka mpaka wa hangova. Huyo asiache ghafla peke yake nyumbani, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Apate msaada wa kitabibu.

16. Nimeze dawa gani nikiwa nimekunywa?

Ukiwa bado na pombe mwilini, kwanza maji, chakula na usingizi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni pamoja na pombe huchubua tumbo hadi kutoa damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ni afadhali kwa mnywaji wa mara mojamoja, lakini kwa mnywaji wa kila siku hulemea ini, asizidishe hata kidogo. Anayetumia Flagyl asinywe kabisa mpaka dawa iishe na siku tatu zipite. Na ukiwa na homa ambayo haijapimwa, weka aspirini pembeni.

## Macho

17. Naona mistari ya msumeno inayometameta, kisha sehemu ya uso wa mtu inapotea. Nitapofuka?

Hapana. Hiyo ni aura ya kipandauso. Huanza kidogo, hutanuka taratibu, hudumu dakika 5 hadi 60, kisha kichwa hufuata, ingawa wengine hawapati kichwa kabisa. Funika jicho moja, halafu jingine: aura huonekana kwa yote mawili, kwa kuwa iko kwenye ubongo.

Ukungu wa jicho moja tu, giza lililokuja kwa mpigo, au dalili hizi zikiambatana na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kugongana, ni jambo jingine. Chukulia kiharusi, wahi. Ukungu baada ya gongo umeshajibiwa kwenye swali la 12.

18. Macho yangu ni mekundu na yanawasha, masikio yanavuma, na kila mtu anasema ni pombe. Mimi natoka kupuliza salfa.

Huenda wewe ndiye uko sahihi. Unga wa salfa tunaopulizia mikorosho kuzuia ubwiriunga huchoma macho na koo, na ile mashine ya mgongoni inanguruma karibu na sikio asubuhi nzima. Osha macho kwa maji safi mengi, usiyasugue. Kesho vaa miwani ya kuziba pembeni, barakoa na vizibo vya masikio, na upulize upepo ukiwa nyuma yako. Pombe pia hufanya macho kuwa mekundu, lakini bila kuchoma namna hiyo.

19. Usiku naona duara za rangi kuzunguka taa, jicho linauma na natapika. Ni kipandauso?

Usikisie. Jicho jekundu, gumu, linalouma, lenye ukungu na duara za rangi linaweza kuwa presha ya macho ya ghafla, na linaweza kupoteza nuru ndani ya siku chache. Hospitali leo. Wenye presha ya macho inayojulikana waepuke kunywa lita nzima ya maji kwa mkupuo, kwa kuwa hupandisha presha ya jicho kwa muda. Kunywa taratibu hakuna shida.

20. Baba yetu amekunywa na kuvuta sigara miaka mingi. Macho yanafifia polepole, rangi anazichanganya, miwani haisaidii.

Inawezekana neva za macho zimechoka kwa pombe na tumbaku pamoja na ukosefu wa vitamini za kundi B, maana mnywaji mkubwa hula kidogo. Likikamatwa mapema, kuacha vyote viwili, kula vizuri na vitamini alizoandikiwa kunaweza kurudisha sehemu ya nuru. Msisubiri mkidhani ni mtoto wa jicho, huenda siyo.

## Masikio

21. Nikilala baada ya kunywa kitanda kinazunguka. Kwa nini nikikaa kinapungua?

Ndani ya sikio kuna mirija yenye majimaji, na ndani yake kiungo laini kinachoyumba kichwa kikigeuka. Pombe huingia kwenye kiungo hicho kabla ya kuingia kwenye majimaji, kinakuwa chepesi kuliko yaliyokizunguka, kinaelea, na ubongo unadhani unazunguka. Saa kadhaa baadaye pombe hutoka humo kwanza, kinakuwa kizito, na kuzunguka kunarudi alfajiri kwa upande wa pili. Ndiyo siri ya kuzimua kuonekana kunafanya kazi. Lala umeinua kichwa, mguu mmoja chini sakafuni, na taa ndogo ikiwaka.

22. Masikio yanavuma siku ya pili. Pombe inaharibu usikivu?

Uliza kwanza ulikaa wapi. Kama ulikuwa mbele ya spika kwenye ngoma ya usiku kucha, spika ndiyo mtuhumiwa. Pombe ilikufanya usione haja ya kusogea. Mvumo huo kwa kawaida hutulia ndani ya siku moja au mbili. Vyanzo vingine ni nta, usaha, kwinini na aspirini nyingi. Usichokonoe kwa njiti. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, uonwe ndani ya siku hizohizo, kwa kuwa tiba ina muda wake.

23. Sinywi pombe kabisa lakini napata kizunguzungu kikali. Nacho kinahusiana na vinywaji?

Rudi kwenye saa. Kinachodumu sekunde chache ukigeuka kitandani ni punje za sikio la ndani zilizohama. Hakihusiani na kinywaji, na hutibiwa kwa kugeuzwa kichwa kitaalamu. Kinachodumu dakika 20 hadi saa 12, sikio likijaa, likivuma na kusikia kukishuka, kinaweza kuwa ugonjwa wa Menière, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1861. Wenye ugonjwa huu hushauriwa kupunguza chumvi, kahawa na pombe. Ushahidi wake si mzito, ila kujaribu kwa wiki chache hakuna gharama. Kinachodumu dakika 5 hadi saa 72, kwa mtu mwenye kipandauso, pamoja na kuchukia mwanga, huenda ni kipandauso chenyewe kimejitokeza kwa mlango wa mizani, na vichocheo ni vilevile vya maswali ya 5 hadi 14.

## Hali zisizo za kawaida

24. Ni mjamzito, kichwa kinaniuma na naona nyota. Ninywe kahawa kidogo?

Mama, kapime presha kwanza. Baada ya wiki ya 20, kichwa kikali na macho kumetameta ni dalili za hatari za kifafa cha mimba, hata kama umekuwa na kipandauso maisha yako yote. Kahawa usizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, yaani vikombe viwili vya kawaida au chini ya hapo. Pombe hakuna kiasi salama, na ibuprofeni haifai mpaka daktari aseme.

25. Vidonge vya uzazi wa mpango vinahusikaje?

Mwenye kipandauso chenye aura (swali la 17) hapaswi kutumia vidonge vyenye homoni mbili, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mwambie muuguzi kuhusu aura, maana yeye hawezi kuiona. Njia nyingine zipo.

26. Nimeacha pombe, nimeacha kahawa, nameza Panadol kila siku na kichwa hakiishi.

Huenda dawa yenyewe sasa ndiyo inayokiendesha. Dawa za kawaida za maumivu zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huzalisha kichwa cha kila siku. Panadol Extra iko kwenye kundi la mchanganyiko, na kafeini yake ni ileile ya swali la 8. Tiba ni kuziacha kwa mpango. Wiki za kwanza ni mbaya, kwa hiyo usianze peke yako wiki ya mnada wa korosho.

27. Niende na nini hospitali ili nisikilizwe?

Daftari la shule la wiki nne linatosha. Kila siku kichwa kikiuma andika: kilianza saa ngapi, ulikunywa nini na saa ngapi (maji na chai vikiwemo), mara ya mwisho kula na kulala, hedhi, macho na masikio yalifanyaje, ulimeza nini. Siku ambazo ulikunywa na kichwa *hakikuuma* ziandike pia, watu huzisahau. Beba na maganda ya dawa zote, hata zile ulizopewa na jirani.